Stelingi Hafi: Maisha ya Errol Flynn

Kuna kanuni moja ya sinema ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe baharini, afungwe minyororo, mwishowe lazima atatokea tu, nywele zimechanwa vizuri, na adui atajuta kuzaliwa. Kanuni hii haikuletwa na picha za karate wala za Kihindi. Mmoja wa watu walioitia nguvu ni Errol Flynn, ambaye mwaka wa 1935 aliigiza nahodha wa maharamia katika filamu ya Captain Blood. Wazee waliokwenda sinema zamani wanamjua. Sisi vijana tukilisikia jina lake twadhani ni dawa ya kikohozi. Nimeona heri nimlete hapa jamvini, si kwa sababu alikuwa mtu mwema (utajionea mwenyewe), bali kwa sababu sijaona mtu mwingine aliyefanana hivyo na mtu aliyemwigiza, na papo hapo akawa kinyume chake kabisa.

Errol Leslie Thomson Flynn alizaliwa tarehe 20 Juni 1909 mjini Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia. Baba yake, Theodore, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu na mtaalamu wa elimu ya viumbe. Ungedhani mtoto wa profesa angependa kitabu. Wapi! Kijana alikuwa mtundu kupindukia. Alifukuzwa shule hii akapelekwa ile, na ile nayo ikamfukuza. Mara ya mwisho ilikuwa mjini Sydney mwaka wa 1926, na hapo masomo yakawa yamekwisha. Alipata kazi ya ukarani, akaachishwa kwa kudokoa pesa za ofisi. Basi akiwa na miaka 18 tu alifunga safari kwenda New Guinea, kisiwa kikubwa kilicho kaskazini mwa Australia, ambako dhahabu ilikuwa imepatikana na kila asiye na mbele wala nyuma alikuwa akikimbilia.

Huko New Guinea ndiko ningependa tukae kidogo, maana watu wengi wanaomsifu Flynn hupita hapo mbio mbio. Nusu ya mashariki ya kisiwa hicho ilikuwa chini ya utawala wa Australia. Flynn alifanya kazi za kila namna. Alitafuta dhahabu asipate ya maana, akasimamia mashamba, akalima tumbaku karibu na mji wa Port Moresby. Mwaka wa 1930 alinunua mashua kuukuu ya matanga iliyoitwa Sirocco, akaiongoza yeye na wenzake watatu kutoka Sydney hadi New Guinea, safari iliyowachukua miezi kama saba. Kusema kweli hilo si jambo dogo kwa kijana wa miaka 21, na alilitungia kitabu baadaye, mwaka wa 1937. Bahari aliijua. Malaria pia aliijua, kwani ilimshika huko na haikumwacha tena. Kila baada ya muda ilimrudia, akatetemeka kama sisi tunavyotetemeka mvua za masika zikianza.

Lakini kulikuwa na kazi nyingine. Mashamba na migodi ya Wazungu ilihitaji vibarua. Mawakala walikwenda vijijini na bidhaa za kuwashawishi wenyeji, kisha wakaondoka na vijana waliofungwa na mkataba wa miaka ambao hawakuweza kuusoma. Wakala alilipwa kwa kichwa, kama mtu anayeuza mbuzi. Flynn aliifanya kazi hiyo. Hakusingiziwa, aliieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Najua kitabu hicho kina chumvi nyingi, kwa maana jamaa alipenda kujikuza, lakini mambo ya vibarua hayakuwa hadithi yake peke yake, ndivyo nchi ile ilivyoendeshwa. Wazee wetu waliovalishwa kipande shingoni wangeielewa biashara hiyo bila kufafanuliwa.

Uigizaji ulimjia kama ajali. Mwaka wa 1933 mwelekezi wa Australia aitwaye Charles Chauvel alimpa nafasi katika filamu ya In the Wake of the Bounty, inayosimulia habari za mabaharia walioasi nahodha wao. Flynn akawa Fletcher Christian, kiongozi wa waasi. Hakuwa na mafunzo yoyote. Hata hivyo alionja utamu wa kutazamwa, na aonjaye asali huchonga mzinga. Akapanda meli hadi Uingereza, akajiunga na kikundi cha maigizo cha mji wa Northampton, akakaa nacho miezi kama saba akijifunza kusimama jukwaani na kutamka maneno yakasikika hadi viti vya nyuma. Kampuni ya Warner Bros. ilikuwa na studio yake karibu na London. Huko wakampa sehemu katika filamu moja ndogo, wakamwona ana sura, wakamtuma Marekani.

Alipofika Hollywood, mwaka huo wa 1935, unajua alianza na nini? Alianza na kuwa maiti! Katika The Case of the Curious Bride, filamu ya upelelezi, yeye ndiye aliyeuawa, na kazi yake kubwa ilikuwa kulala akiwa amefunikwa. Mwelekezi wa filamu hiyo alikuwa Michael Curtiz, mtu wa kutoka Hungaria, mkali kama pilipili. Miezi michache baadaye Curtiz huyo huyo ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza Captain Blood.

Filamu hii ilitokana na riwaya ya Rafael Sabatini iliyochapishwa mwaka wa 1922. Kampuni ilikuwa imemchagua mwigizaji wa Uingereza aliyekuwa na jina, Robert Donat, lakini akajitoa. Sasa fikiria, msomaji. Filamu ya kutumia zaidi ya dola milioni moja za wakati huo, mizinga iko tayari, panga zimenolewa, na stelingi hayupo. Wakampa yule kijana wa kulala maiti. Mpenzi wake katika hadithi akawa Olivia de Havilland, msichana wa miaka 19 aliyekuwa hajulikani vile vile. Hiyo ilikuwa kamari tupu.

Hadithi yenyewe ni hivi. Mwaka ni 1685. Kule Uingereza watu wamemwasi Mfalme James wa Pili wakashindwa. Peter Blood ni daktari Mwairishi asiyejali siasa. Usiku mmoja anaitwa kumtibu mwasi aliyejeruhiwa, naye anakwenda kwa sababu kazi ya daktari ni kutibu. Askari wanamkuta kando ya mgonjwa, wanamshika, na jaji anamhukumu kifo. Kisha mfalme anaona kunyonga watu wote hao ni hasara, afadhali kuwauza. Wanatiwa melini hadi Port Royal, Jamaica, wakawe watumwa wa mashamba ya miwa. Mambo haya hayakubuniwa yote, kwani waasi wa mwaka huo walipelekwa kweli visiwa vya Karibi kwa mamia. Blood ananunuliwa kwa pauni kumi na Arabella, mpwa wa kanali anayemiliki shamba kubwa. Usiku mmoja merikebu ya Wahispania inaushambulia mji. Wahispania wakiwa nchi kavu wanapora na kulewa, Blood na watumwa wenzake wanapanda melini na kuiteka. Kuanzia hapo wao si watumwa tena, ni maharamia. Wanaandika sheria zao, pamoja na fidia ya kila kiungo mtu atakachopoteza vitani. Baadaye wanashirikiana na haramia Mfaransa aitwaye Levasseur, mtu asiye na haya, na ushirika huo unaishia ufuoni, panga mikononi. Sitakusimulia mwisho wote, nisije nikakukosesha uhondo.

Wengi hupenda lile pigano la ufuoni, nami sikatai, ni tamu. Mawimbi yanapiga miamba, wanaume wawili wanapanda na kuteremka, vyuma vinalia kwa kasi hadi jicho linachoka kufuata. Aliyeigiza Levasseur ni Basil Rathbone, Mwingereza aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini. Katika kucheza upanga Rathbone alikuwa fundi kuliko Flynn, lakini katika sinema maskini alipangiwa kushindwa. (Hiyo ndiyo shida ya kuwa adui.) Ila ukiniuliza mimi ni wapi Flynn alipoonyesha kwamba ameiva, nitakuambia ni pale mnadani Port Royal. Wanunuzi wanapita wakiwatazama watumwa, wanawafungua midomo wakague meno. Zamu ya Blood ikifika, anakataa. Hapigi kelele, hatoi hotuba. Anasimama tu, kidevu juu, macho yanawaka, na wewe mtazamaji unasahau kwamba yeye ndiye aliyefungwa na wale ndio walio huru. Hakuna upanga pale, wala farasi wala muziki mkubwa. Ni mtu na uso wake.

Hakuanza filamu akiwa na uwezo huo. Siku za kwanza alikuwa mkavu kama gogo, na Curtiz alimfokea mchana kutwa. Baada ya wiki kadhaa alianza kujiamini, hata baadhi ya matukio ya mwanzo yakarudiwa ili yasitofautiane mno na ya baadaye. Mbinu nyingine za filamu hiyo zinachekesha ukizijua. Merikebu nyingi unazoziona zikiteketea ni vifanani vidogo vilivyoelea kwenye maji ya studio, na vipande vingine vya vita vilichukuliwa kutoka filamu ya kimya ya mwaka wa 1924. Muziki ulitungwa haraka haraka na Erich Wolfgang Korngold kutoka Austria. Lakini uso wa Flynn haukuwa kifanani. Filamu ilipotoka Desemba 1935 watu walifurika kuitazama, na iliingia katika orodha ya filamu zilizoshindania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka. Flynn mwenyewe hakuteuliwa kwa tuzo hiyo hata mara moja maishani. Nadhani walioteua walidhani kuruka na upanga si kuigiza.

Mimi kila nikiutazama ule mnada nafikiria New Guinea. Yule anayekataa kukaguliwa meno ndiye aliyekuwa akihesabu vichwa vya vijana wa watu miaka michache tu kabla. Je, aliwakumbuka? Na jambo lingine linanisumbua. Wengi waliouzwa Jamaica katika miaka ile hawakuwa Wairishi wala Waingereza, walikuwa Waafrika, na hakuna mfalme mpya aliyekuja kuwapa msamaha kama Blood alivyopewa. Hadithi haina muda nao. Bado naipenda hii filamu. Naipenda, na hilo linanisumbua, yote mawili kwa pamoja.

Baada ya hapo mambo yalimnyookea. Alifanya filamu nane na Olivia de Havilland kati ya mwaka wa 1935 na 1941. Mwaka wa 1938 alikuwa Robin Hood, filamu ya rangi, na wengi husema hiyo ndiyo bora zaidi. Mwaka wa 1940 alirudi baharini katika The Sea Hawk, na humo pia anafungwa minyororo, safari hii akipigishwa makasia katika merikebu ya Wahispania. Alioa mara tatu, akapata watoto wanne. Ndoa hizo sitazieleza, zingejaza jarida hili lote. Pesa ziliingia na kutoka kama maji kwenye kikapu.

Kisha ukaja mwaka wa 1942. Wasichana wawili walimshtaki kwamba alilala nao wakiwa hawajatimiza umri unaoruhusiwa na sheria ya California. Kesi ilisikizwa Los Angeles mapema mwaka wa 1943, na wazee wa baraza, wengi wao wakiwa wanawake, wakamwona hana hatia. Mahakama ilisema na mimi sina mamlaka ya kuifungua upya. Ninachotaka kusema ni kwamba baada ya kesi watu waliigeuza kichekesho. Jina lake likatiwa katika misemo ya mzaha, na sinema zake zikajaa zaidi. Wasichana wale walikuwa wa umri wa kidato cha pili hadi cha nne. Mimi sioni cha kuchekesha hapo. Alipokufa, miaka 16 baadaye, mpenzi aliyekuwa amefuatana naye alikuwa na umri wa miaka 17.

Vita vya pili vya dunia navyo vilimfichua. Alikuwa amepata uraia wa Marekani mwaka wa 1942, na akataka kujiunga na jeshi, lakini madaktari wakamkataa. Moyo ulikuwa dhaifu, mapafu yalikuwa na kifua kikuu, na ile malaria ya New Guinea ilikuwa ingali humo. Mtu aliyewaua maadui mamia katika sinema hakufaa hata kubeba bunduki ya kweli! Kampuni haikutaka siri hiyo ijulikane, maana nani atalipa kumtazama haramia mgonjwa? Basi magazeti yakamcheka kuwa ni mwoga, naye akanyamaza.

Badala ya vita vya kweli alipewa vya studio. Mwaka wa 1945 ilitoka Objective, Burma!, ambamo Flynn anaongoza kikosi cha Wamarekani msituni Burma. Huko Uingereza watu walikasirika mno, kwa sababu filamu ilifanya ionekane kana kwamba Wamarekani ndio walioikomboa Burma, ilhali majeshi mengi yaliyopigana huko yalikuwa ya Uingereza na makoloni yake. Iliondolewa katika sinema za London, ikarudishwa mwaka wa 1952. Waingereza walilalamikia wanajeshi wao. Na sisi je? Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka katika bonde la Kabaw katikati ya mvua, matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani hadi mto Chindwin. Hao walikuwa askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Ni babu zetu hao, waliorudi nyumbani wakiiita nchi ile Bama. Tazama filamu hiyo mwanzo hadi mwisho, hutamwona hata mmoja.

Baada ya vita Flynn alinunua merikebu ya matanga iliyoitwa Zaca, akazunguka nayo baharini. Ikamfikisha Jamaica. Naam, Jamaica ile ile ya Captain Blood, ambayo alikuwa ameiigiza bila kutoka California! Port Royal ya maharamia haikuwepo tena, kwa kuwa tetemeko la ardhi la Juni 1692 liliitumbukiza sehemu kubwa ya mji huo baharini. Lakini upande wa kaskazini-mashariki aliupenda mji wa Port Antonio, akanunua kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari na shamba la mifugo. Mtumwa wa sinema akawa mwenye shamba wa kweli.

Kuanzia hapo maji yalizidi unga. Pombe ilikuwa imemtawala, na dawa za kulevya pia. Mwaka wa 1953 alianza kutengeneza filamu yake mwenyewe huko Italia, habari za mpiga mishale William Tell. Pesa zikaisha katikati, haikumalizika hadi leo. Madeni na kodi vikamwandama. Mwaka wa 1958 alikuja hadi Afrika, nchini Chad, kwa ajili ya The Roots of Heaven, filamu inayohusu kuwalinda ndovu. Hapo stelingi alikuwa mtu mwingine na yeye akaigiza mlevi. Wanaoielewa kazi hii husema miaka hiyo ya mwisho ndiyo alipoigiza vizuri zaidi, kwa kuwa alikuwa ameacha kujificha nyuma ya uzuri wake. Mwishoni mwa mwaka huo akaenda Cuba, akakutana na Fidel Castro na wapiganaji wake, akatoka na filamu moja dhaifu juu yao.

Oktoba 1959 alikwenda Vancouver, Kanada, kutafuta mtu wa kuichukua Zaca, kwa maana hakuwa tena na pesa za kuiendesha. Tarehe 14 alikuwa nyumbani kwa daktari mmoja akiwasimulia watu hadithi za Hollywood, nao wakicheka. Mgongo ukamuuma, akaenda chumbani kujilaza. Hakuamka. Moyo ulikuwa umesimama na ini lilikuwa limeharibika. Alikuwa na miaka 50. Kitabu cha maisha yake kilitoka baada ya kifo chake. Olivia de Havilland, yule msichana wa miaka 19, aliishi hadi Julai 2020, akafa akiwa na miaka 104.

Alimwacha mtoto wa kiume mmoja, Sean, aliyezaliwa mwaka wa 1941 na kufanana naye kama shilingi kwa ya pili. Watu wa sinema hawakumwachilia. Mwaka wa 1962 wakamtoa katika filamu iliyoitwa The Son of Captain Blood, akiwa na upanga na shati la kifua wazi kama baba yake. Hakupendezwa na kazi hiyo. Akaja Afrika kuongoza wawindaji, akafanya kazi kwa muda na wanyama wa porini hapa Kenya, kisha akaenda Vietnam kama mpiga picha wa magazeti, mahali ambapo risasi hazikuwa za studio. Tarehe 6 Aprili 1970 yeye na mwenzake walipanda pikipiki nchini Cambodia, wakaelekea kwenye kizuizi cha barabarani cha wapiganaji. Hawakurudi. Mama yake, Lili Damita, alitumia pesa nyingi miaka nenda miaka rudi akiwatuma watu kumtafuta, hadi mwaka wa 1984 Sean alipotangazwa kisheria kuwa amekufa. Mwili wake haujapatikana.